Mtoto tuliyemuasili ng'ambo halii akiumia, na anamkimbilia kila mgeni. Hii ni kawaida?

MamaTumaini
Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja. Mimi na mume wangu tumemuasili mtoto wa kiume kutoka nchi nyingine. Alikuwa kwenye kituo cha watoto tangu uchanga, na makaratasi yalisema ana miaka miwili na nusu siku tuliyomchukua. Ni karibu mwaka sasa. Anakula, anacheka, uzito unapanda, daktari hana neno.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: akiumia halii. Juzi alijikwaa kwenye ngazi, goti likachubuka mpaka damu. Akainuka, akajifuta kwa kiganja, akarudi kwenye mchezo wake. Hata kunitazama hakunitazama. Usiku nako haniiti. Nikifungua mlango namkuta ameketi kitandani gizani, macho makavu, anasubiri kupambazuke. Lakini aje fundi bomba asiyemjua, dakika haiishi yuko mapajani kwake, anataka waondoke wote.

Mume anasema ndiyo hulka yake. Mama mkwe anasema namkalia sana. Rafiki yangu mmoja kaniambia hatanipenda kwa sababu sikumzaa. Mnaoishi na watoto wa hivi, hiki ni nini? Na kinapita?

Kinyonga
Nimevuta kiti. Huyo rafiki mpunguze kwanza, mengine yatafuata.

NesiWaZamu
Dada, hiyo ya kukaa macho gizani bila kuita mtu naijua. Kituoni mlezi mmoja ana kundi zima la watoto, na yupo kwa zamu. Asubuhi huyu, usiku mwingine, mwezi ujao ameacha kazi. Mtoto mchanga hulia ili mtu aje. Akilia asije mtu, tena na tena, anaacha. Maumivu anayasikia vizuri tu, ila amejifunza kwamba kulia hakuleti mtu.

Na kumkimbilia mgeni kunatoka hapohapo. Kituoni mgeni ndiye mwenye mikono mitupu na muda wa kubeba mtu. Anayetabasamu kwanza ndiye anayebebwa.

Haya yamechunguzwa. Ceaușescu, mtawala wa Romania, alipoanguka Desemba 1989, nchi hiyo ilikutwa na watoto zaidi ya laki moja kwenye vituo. Pale Bucharest, mji mkuu, watafiti waliwafuata watoto 136, wakawagawa kwa kura: nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi, nusu wakabaki. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walioshikamana na walezi wao vizuri zaidi. Uingereza nako daktari wa akili ya watoto Michael Rutter na wenzake waliwafuata watoto 165 wa vituo vya Romania walioasiliwa huko. Waliokaa kituoni chini ya miezi sita walikuwa karibu sawa na watoto wengine. Waliozidisha hapo ndio walioendelea kuwa na shida. Wako alizidisha miaka miwili, kwa hiyo mwaka mmoja ni mchache. Usimhukumu, na wewe usijihukumu.

BabaKelele
Kwa heshima zote, Nesi, kila kitu mnakipeleka kituoni. Binti yangu nimemzaa mwenyewe, hati ninayo, na alikuwa anaondoka na yeyote mwenye miguu. Sokoni tulimpata ameshikana mkono na mzee asiyetuhusu, wanapatana bei. Leo ana miaka kumi na mitano, salamu tu haitoi. Kuna watoto wanapenda watu. Mume wako hajakosea.

Kinyonga
@BabaKelele alikuwa anatafuta nyumba yenye utulivu, tumwelewe.

Bi_Mkubwa
Kabla hamjafika mbali, je, masikio yamepimwa? Wa kwetu tulidhani ana kiburi. Ukimwita hageuki, ukimkataza anaendelea. Kumbe maji yalijaa nyuma ya ngoma ya sikio kutokana na maambukizi ya zamani yasiyotibiwa. Alikuwa anasikia kama mtu aliyezamishwa kichwa majini. Waliweka virija vidogo, na wiki ileile akaanza kushtuka mlango ukigongwa.

Halafu muulize daktari kama alipimwa upya kila kitu au alisoma tu karatasi iliyokuja na mtoto. Chanjo zilizoandikwa si lazima ziwe zilidungwa. Damu, choo kwa ajili ya minyoo na vijidudu vingine, madini ya risasi, homa ya ini, macho. Mtoto asiyeona vizuri humsogelea kila mtu usoni, nanyi mkaona upendo.

MamaTumaini
Asanteni. @Bi_Mkubwa masikio yalipimwa, mazima. Macho pia. Choo kilikutwa na vijidudu, akatibiwa. @BabaKelele mume wangu kasoma jibu lako, sasa haongeleki humu ndani.

Nilisahau jambo. Chakula. Anaficha. Nimekuta vipande vya mkate ndani ya soksi, kavu kama mawe, na soksi amezipanga vizuri kwenye droo. Mezani anakula hadi tumbo linakaza, na akiona sahani inaondoka anaishika kwa mikono miwili. Hiyo nayo ni hulka?

BabaKelele
Hiyo hapana. Hiyo naisalimisha kwa Nesi.

Jongoo_wa_Pili
Wa kwangu alificha ndizi kwenye foronya. Mnajua ndizi inafanya nini kwenye foronya baada ya wiki moja.

Kilichotusaidia: tulimwekea kikapu chake jikoni, chini, anapokifikia mwenyewe. Kina vitu visivyoharibika na hakiachwi kitupu. Anachukua saa yoyote, haombi ruhusa. Wageni walituona tumepotoka. Mwanzo alikimaliza kila siku. Baadaye akawa anapita tu anakichungulia. Sasa hata hakiangalii, lakini ole wako ukitoe. Msimwambie "acha uroho". Mtoto aliyewahi kulala njaa hawezi kukuamini kwa mdomo kwamba kesho kuna chakula.

MwalimuWaChekechea
Mimi napingana kidogo na mkuu Jongoo. Kwa ndugu yangu kikapu kilimfanya mtoto asile mezani kabisa na familia. Walichofanya ni saa. Chakula kila baada ya saa mbili au tatu, muda uleule, mtu yuleyule anakigawa kwa mkono. Akaanza kusubiri mtu badala ya kusubiri kikapu. Nadhani hapo ndipo mama anapopata nafasi.

Jongoo_wa_Pili
Mwalimu, saa mbili? Wewe unafanya kazi lini?

MwalimuWaChekechea
Jioni, nikiwa humu nabishana na wewe.

Mpekuzi
Nesi kaeleza vizuri ila nirekebishe mawili.

La kwanza, wale 165 wa Rutter si wote waliotoka vituoni. 144 ndio wa vituo. 21 walichukuliwa kutoka kwenye familia. Na wasomaji wasiondoke hapa wakidhani miezi sita ni hukumu. Watafiti haohao waliwafuata mpaka utu uzima, matokeo yakatoka 2017: kati ya waliokaa zaidi ya miezi sita, kama mmoja kwa kila watano hakuonyesha tatizo lolote la kutajika katika vipimo vyote. Kwa nini huyo mmoja, bado wanatafuta.

La pili ni muhimu zaidi kwa mama. Kutoshikamana na mlezi na kumzoea mgeni kupita kiasi ni mambo mawili. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliyatenganisha rasmi kwenye toleo la 2013. Pale Bucharest, kuhamia kwenye familia kuliondoa la kwanza kwa haraka. La pili liling'ang'ania. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa amekupenda kabisa na bado akamkumbatia fundi bomba. Kumkumbatia fundi hakupimi nafasi yako. Mpime kwa mengine: akiugua anasogea wapi? Ukitoka chumbani macho yanakufuata?

Shangazi_Mtu
Mbona hakuna anayetaja msiba? Mnasema kituo, kituo, kana kwamba huko hakuacha mtu. Wangu alikuwa na mlezi mmoja tu aliyempenda, alimuita mama. Siku ya kumchukua tulipewa dakika kumi, mlezi akaambiwa apite mlango wa nyuma asilete vilio. Mtoto alikaa kwetu miezi bila kunitazama usoni, lakini kwa baba alienda. Nilidhani ananichukia. Mshauri akaniambia mwanamke wa mwisho aliyempenda alimwacha bila kuaga, sasa wewe ni mwanamke mwingine. Nikapata picha ya yule mlezi kwa tabu sana, nikaibandika chumbani kwake. Alipoiona alipiga yowe ambalo nililisikia mara hiyo moja tu. Akalia jioni nzima. Baada ya hapo akaanza kulia na kwa mambo mengine.

NesiWaZamu
@Shangazi_Mtu pole na hongera. Ila kesi yako mtoto alikuwa na mtu. Wa MamaTumaini huenda hakuwa na mtu yeyote. Hayo hayafanani.

Shangazi_Mtu
Unajuaje, Nesi? Karatasi ya kituo itaandika jina la mlezi aliyempenda? Mtu alikuwepo. Mtoto asiye na mtu kabisa hafiki miaka miwili na nusu akiwa anacheka.

Kinyonga
Hapa pamechangamka. Endeleeni, nachemsha chai.

Lugha_Gongana
Niongeze la kwangu, huenda wote mna haki. Mtoto wa miaka miwili na nusu alikuwa tayari anaelewa lugha ya kwao, hata kama hakuongea sana. Siku moja kila mtu akaanza kutoa sauti asizozijua. Unamuitaje mtu usiku kama neno la kumuitia halifanyi kazi tena? Ya kwao inafutika kwa miezi, ya kwenu bado haijakomaa, katikati anabaki bila kitu. Wangu alikuwa bubu kabisa kipindi hicho, halafu akaanza kuongea kwa sentensi nzima.

Na siamini kwamba inafutika kweli. Siku moja redio ilipiga wimbo wa kwao akasimama wima.

Mpekuzi
Hiyo ya kufutika wanasayansi wenyewe hawajapatana. Mwaka 2003 watu wa Ufaransa waliwapima vijana waliotoka Korea wakiwa na miaka mitatu hadi minane. Kwenye kipimo cha ubongo Kikorea kilikuwa kwao sawa na lugha yoyote ngeni. Ikaonekana imefutika. Halafu 2014 Montreal wakawapima wasichana waliotoka China wakiwa wachanga, wasioongea tena neno la Kichina. Walipowasikilizisha sauti zenye toni za Kichina (kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno), ubongo ulifanya kazi kama wa watoto wanaokizungumza. Na Uholanzi 2017 ikaonekana watu wazima walioasiliwa kutoka Korea walijifunza kutamka sauti za Kikorea kuwazidi Waholanzi wenzao. Chagua unayemuamini.

Lugha_Gongana
Nachagua redio yangu.

MtuMzima_Sasa
Nimesoma ukurasa mzima kabla ya kuandika. Mimi niliasiliwa nikiwa na miaka mitatu, nikavushwa bahari, leo nina watoto wawili. Mniruhusu.

Sikulia mpaka nilipofika darasa la pili. Mama yangu (aliyenilea, na ndiye namuita mama) alihesabu hilo kuwa sifa. "Mtoto jasiri huyu." Wageni walisifu. Nikaendelea kuwa jasiri, maana ndiyo kazi niliyopewa. Kwa hiyo MamaTumaini, kwa kuona tu kwamba kutolia ni tatizo, umemshinda mama yangu, na nampenda mama yangu.

Nililotaka kusema hasa: nyote mnatafuta kwa nini HUYU mtoto yuko hivi. Maelezo ya kituo, ya msiba, ya lugha, yote yanamhusu yeye. Ila naye anakusoma wewe. Mama mwenye hofu ya kukataliwa hunyoosha mkono nusu. Mtoto wa kituo anaona mkono wa nusu kutoka chumba kingine. Fundi bomba hana hofu yoyote, anacheka tu. Nani hatakwenda kwa fundi?

La mwisho. Tunzeni kila karatasi. Faili langu liliandika "yatima". Nilipokwenda kutafuta nikiwa na miaka thelathini na kitu, nilimkuta mama aliyenizaa yuko hai, na hakuwahi kutia sahihi yoyote. Si mimi peke yangu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitoa matokeo yake Machi 2025: kumbukumbu zilighushiwa, watoto wenye wazazi wakaandikwa yatima. Nchi hiyo ilitoa watoto wanaokaribia laki mbili tangu vita vya miaka ya 1950.

Sauti_ya_Nyika
Ndiyo maana mimi nasema biashara hii ifungwe kabisa. China imeshafunga 2015, Ethiopia imefunga, Uholanzi imefunga. Mnachukua mtoto kwenye umaskini mnamuita mmemwokoa. Hela ya nauli na mawakili ingemlea kwao na mama yake.

Mpekuzi
China 2015 ilitangaza kuacha sera ya mtoto mmoja. Kuasilisha nje ilisimamisha 2024, na bado ikaacha mwanya kwa ndugu wa damu wa karibu au mtoto wa kambo. Ethiopia ni kweli, Januari 2018. Uholanzi ilisitisha Februari 2021, ikafungua kwa sehemu, kisha 2024 ikaamua kuondoka pole pole. Hoja yako inaweza kusimama, ila ivae tarehe zake.

Sauti_ya_Nyika
Tarehe chukua wewe, hoja niachie.

Wakili_Mtoro
Sheria haisemi ifungwe wala ifunguliwe tu hovyo. Mkataba wa Hague wa 29 Mei 1993, unaohusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, unataka mtoto atafutiwe kwanza familia kwao, na nje iwe baada ya hapo. Unakataza mtu kupata faida isiyo halali, na kifungu cha 30 kinataka nchi zihifadhi habari za asili ya mtoto. Tatizo ni kwamba nchi nyingi zilitoa na kupokea watoto kwa miongo kabla hazijaujua mkataba huo, na nyingine zilitia sahihi huku mkono wa kushoto ukifanya yake. Kilele cha dunia kilikuwa 2004, kama watoto elfu arobaini na tano kwa mwaka mmoja. Tangu hapo ni kushuka tu.

Lakini mtoto wa MamaTumaini yuko nyumbani tayari. Kumwambia leo kwamba isingefaa hakumsaidii yeye wala mamake.

Ustadh_Mkimya
Na kwa sisi Waislamu ipo kafala: unamlea, unamtunza, hubadilishi nasaba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja kwa jina kifungu cha 20. Mtoto anajua tangu mwanzo ni mwana wa nani. Yale ya faili la ndugu MtuMzima yangepungua.

MtuMzima_Sasa
Asante Ustadh. Yangepungua, ndiyo. Ila yule aliyeandika "yatima" angeandika tu "yatima" hata kwenye kafala. Kalamu ni ileile.

MamaTumaini
Nimesoma yote. @MtuMzima_Sasa, ya mkono wa nusu imenikaa. Siwezi kubisha, siwezi pia kukubali yote. Kuna siku mkono umenyooka kabisa na yeye anapita.

Nikiri kitu ambacho mume wangu hajui: mwezi wa tatu hadi wa sita nilikuwa natamani alale tu, nisimuone. Tulisubiri miaka. Watu walileta zawadi. Mimi nikawa nafungua bomba la bafuni ili nisisikike ninavyolia.

Bi_Mkubwa
Mwanangu, hilo lina jina na lina tiba. Huzuni baada ya kuasili ipo, kama ilivyo kwa waliojifungua, isipokuwa huku hakuna anayekuuliza unaendeleaje kwa sababu hukubeba mimba. Mwambie mume leo. Usingoje uzi uishe.

Jongoo_wa_Pili
Kwangu aliyeanguka ni mimi, baba. Nilikuwa nabaki kazini bila kazi. Tena kaka mkubwa wa mtoto, tuliyemzaa, akarudi kukojoa kitandani akiwa na miaka saba. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumuuliza huyo kitu, wote tulikuwa tunamtazama mgeni.

MwalimuWaChekechea
Kuna ushauri wa kufunga mduara miezi ya mwanzo: wazazi wawili tu ndio wanaolisha, wanaoogesha, wanaobeba, wanaofuta goti. Wengine wote, hata bibi, wanapunga mkono kwa mbali. Ulijaribu, MamaTumaini?

MamaTumaini
Kwa wiki chache. Mama mkwe alikuja na sanduku.

Kinyonga
Sanduku kubwa au dogo? Hiyo ndiyo takwimu tunayoihitaji.

Shangazi_Mtu
Mduara na mimi niliujaribu ukanichosha. Tulibaki sisi watatu ndani, mmoja hanitazami, mmoja yuko kazini. Mtoto akaanza kutulia tulipohamia karibu na dada yangu mwenye watoto wanne. Kelele, sufuria zinaanguka, watoto wanalia na kubembelezwa mbele yake. Nadhani aliona kwa macho kulia kunafanyaje kazi.

NesiWaZamu
Inawezekana. Ila kwa mtoto anayekwenda kwa kila mgeni, mimi nisingeongeza watu.

Shangazi_Mtu
Nilijua utasema.

BabaKelele
Mimi bado nasema kidogo ni hulka. Asilimia ishirini mnipe.

Mpekuzi
Chukua. Wale mmoja kwa watano wasio na tatizo, hata hatujui ni wangapi waliookolewa na hulka.

MamaTumaini
Mrejesho. Nilimwambia mume. Tumepata mshauri, wiki ijayo tunaanza. Mduara tumeurudisha nusu, mama mkwe kakubali kufua badala ya kulisha, amenuna kidogo. Mtoto akianguka sasa nakwenda mimi bila kusubiri alie, nasema "umeumia, pole" nampuliza pale. Jana aligonga kiwiko kwenye kabati, akanitafuta kwa macho, akakinyoosha. Hakulia. Halafu jioni akamkumbatia msomaji wa mita kwa nguvu zote, kwa hiyo sijui niwaambie nini.

Swali jingine. Anaanza shule ya awali na walimu wameshatuma orodha: "Lete picha ya mtoto akiwa mchanga." Hatuna hata moja. Ya kwanza kabisa ana miaka miwili, amenyolewa upara, anatazama pembeni.

MtuMzima_Sasa
Peleka hiyohiyo. Mimi mama yangu alikata picha ya mtoto kwenye gazeti. Nilikaa nayo miaka mingi nikiamini ni mimi.

MwalimuWaChekechea
Mwone mwalimu kabla, umuombe abadilishe kazi iwe "picha ya zamani" tu, kwa darasa zima. Wapo wengine wasio nazo. Na umuonye kuhusu mti wa familia, huwa unakuja muhula wa pili. Muonye pia kuhusu wageni langoni: huyu atakwenda na yeyote.

Wakili_Mtoro
Hapo shuleni watataka cheti cha kuzaliwa na uraia. Msidhani amri ya mahakama ya kule inatosha. Marekani ilipitisha sheria ya uraia wa moja kwa moja kwa watoto walioasiliwa mwaka 2000, ikaanza 27 Februari 2001, lakini aliyekuwa ameshatimiza miaka 18 siku hiyo akaachwa nje. Wapo waliogundua uzeeni kwamba si raia, na wapo waliofukuzwa kurudishwa nchi wasiyoijua. Wazazi wao walidhani kila kitu kilikuwa tayari.

Bi_Mkubwa
Na umri. "Miaka miwili na nusu" nani aliihesabu? Watoto wa vituo hupoteza karibu mwezi mmoja wa urefu kwa kila miezi mitatu wanayokaa kule, wakifika nyumbani wanaruka. Anaweza kuwa mkubwa kuliko karatasi. Meno yake ya utotoni yakianza kung'oka mapema, yaandike tarehe.

Njiani_Tunakuja
Nafuatilia kimya tangu mwanzo. Sisi tunasafiri mwezi ujao kumchukua wetu, msichana wa miaka minne. Nibebe nini? Nina orodha ya nguo tu.

BabaKelele
Vizibo vya masikio, vya kwako. Safari ya ndege na mtoto uliyekutana naye juzi haina huruma.

Shangazi_Mtu
Nguo aliyoivaa siku hiyo usiifue mpaka mwezi uishe, acha inuke kwao. Na omba kumrekodi mlezi wake akimuimbia, au hata akimgombeza.

NesiWaZamu
Mkirudi, kipimo cha kifua kikuu kifanywe mara moja na kirudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita hata kama cha kwanza ni kizuri. Mtoto mwenye utapiamlo anaweza kutoa jibu la uongo mwanzoni. Homa ya ini vilevile.

MtuMzima_Sasa
Piga picha lango, kitanda chake, na kila mtu mzima atakayekubali. Uliza majina, andika papo hapo. Usiseme utayakumbuka.

Wakili_Mtoro
Nakala mbili za amri ya mahakama zilizothibitishwa, na tafsiri yenye mhuri. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloshuka chini ya ndege.

Njiani_Tunakuja
Naandika yote. Kikapu cha jikoni cha mkuu Jongoo nacho nimeshanunua, ila mke wangu yuko upande wa Mwalimu.

Jongoo_wa_Pili
Nunua na foronya za akiba.